Kuuza sauti na video Lamu katika zama za "nirushie": njia ipi ikufae?

Waimbaji wa kasida, walimu wa mtandaoni na vijana wenye kamera hapa Lamu wana swali moja: nitauzaje kitu ambacho mteja wa kwanza akishakipata, mtaa mzima wanacho kabla ya magharibi? Hapa nalinganisha njia zilizokwisha kujaribiwa, nyingine Marekani na Uswidi, nyingine papa hapa Kenya, na nasema wazi ipi inamfaa nani. Upande ninao, na utauona.

Tuanze na namna faili linavyosafiri kwetu. Ukitaja kugawana faili moja kwa moja baina ya watumiaji, wengi hufikiria torenti. Bram Cohen, aliyeitunga BitTorrent mwaka 2001, alilikata faili vipande vidogo, na kila anayepakua akawa pia anawagawia wenzake vipande alivyokwisha kupata. Wapakuaji wakiwa wengi, kasi ndiyo inazidi. Ni ufundi mzuri, lakini unataka kompyuta inayokesha imewashwa na intaneti isiyohesabiwa kwa megabaiti, na sisi wengi wetu tunaishi kwa bando. Torenti yetu ni Bluetooth, ni Xender na SHAREit zinazounganisha simu mbili bila kugusa bando, ni memori kadi, flashi na makundi ya WhatsApp. Panda boti ya Faza au Kizingitini uone. Mtandao unakatika njiani, mmoja anafungulia kasida, wa pili anamwambia "nirushie", na boti ikifunga gati simu kadhaa zinayo. Haikupita kwenye seva yoyote na hakuna aliyeiandika popote.

Litazame na jina la faili linapofika. Wewe ulilihifadhi kwa jina la mwimbaji na namba ya simu. Likipita WhatsApp kwenye simu ya Android, linageuka kuwa AUD, kisha tarehe, kisha WA na tarakimu nne. Kwangu mimi hapo ndipo ilipo hasara kubwa, kuliko shilingi hamsini ambazo pengine aliyerushiwa asingezitoa kabisa. Aliyeupenda wimbo na mwenye pesa za kukualika kwenye harusi ya mwanawe hajui akutafute wapi. Kwa hiyo kila njia hapa chini naipima kwa mambo mawili: nani anatoa pesa, na faili likisharushwa bila ruhusa yako, linakurudishia nini.

Kulifunga au kuliacha wazi

Kampuni kubwa zilianza na kufuli. Apple ilipofungua duka lake la muziki Aprili 2003, wimbo mmoja senti 99 za dola, nyimbo zilikuwa na kufuli na hazikuchezeka kila mahali. Kufikia 2009 kufuli hizo zilikuwa zinaondolewa. Sony BMG walikwenda mbali zaidi: mwaka 2005 ilibainika kwamba baadhi ya CD zao zilikuwa zinajipenyeza kimyakimya kwenye kompyuta ya mnunuzi na kuweka programu iliyojificha ili kuzuia kunakili. Programu hiyo ilifungua mlango kwa virusi, kesi zikafunguliwa, na CD zikarudishwa kutoka madukani. Fikiria aliyeumia ni nani. Ni yule aliyeingia dukani akalipa, maana aliyepakua bure hakuwahi kuiona programu hiyo.

Kwetu mambo ni hayo hayo kwa udogo wake. Mteja amebadilisha simu, neno la siri kalisahau, mwanawe kafuta programu ili apate nafasi ya mchezo, na sasa anakupigia wewe saa nne za usiku. Wakati huo yule aliyerekodi sauti kwa simu ya pili iliyowekwa karibu na spika anasikiliza bila shida. Kwa muziki, kasida na mashairi, usifunge. Kuna kazi moja tu ambayo naifungia mlango, nayo nitaifikia.

Kushtaki

Chama cha kampuni za muziki za Marekani, RIAA, kiliishtaki Napster, programu ya kugawana nyimbo bure, Desemba 1999, miezi michache tu baada ya Napster kuanzishwa, na kufikia Julai 2001 ilikuwa imezimwa. Wapakuaji wakahamia kwingine. Kuanzia Septemba 2003 chama kikawageukia watu binafsi, akiwemo msichana wa miaka 12 wa New York ambaye mama yake alikubali kulipa dola 2,000. Mwishoni mwa 2008 walitangaza kuachana na mtindo huo. Maelfu ya kesi, na kugawana nyimbo kukaendelea.

Hapa Kenya sheria ipo: Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na marekebisho ya 2019 yaliyoweka utaratibu wa kuwaandikia watoa huduma za intaneti waondoe kazi iliyowekwa bila idhini. Hakimiliki ni yako tangu unaporekodi, lakini kuisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi siku ya ubishi. Sajili. Kisha itumie silaha hiyo kwa anayefanya biashara kwa kazi yako: duka linalojaza flashi kwa malipo, kituo kinachocheza wimbo wako bila kulipa, mtu aliyeipandisha video yako YouTube kwa jina lake akala matangazo. Usimguse kijana wa boti. Lamu ni ndogo. Ukimshtaki, kesho shangazi yake ndiye atakayechagua nani aimbe kwenye arusi.

Majukwaa ya kusikilizia mtandaoni

Hawa ndio walioupunguza uharamia Ulaya na Marekani kuliko mahakama yoyote, kwa kurahisisha tu. Spotify ilianza Uswidi, nchi ile ile iliyozaa The Pirate Bay, tovuti ya torenti za bure, na ilipofunguliwa mwaka 2008 haikuudharau ufundi wa torenti. Ilimwajiri Ludvig Strigeus, aliyetunga programu ya torenti ya µTorrent, na kwa miaka kadhaa programu yake ya kompyuta ilikuwa inachota sehemu za nyimbo kutoka kompyuta za wasikilizaji wengine ili kuzipunguzia mzigo seva zake. Waliacha 2014. Yaani walichukua kilekile kilichokuwa kinawala wenzao wakakifanya mtumishi wao.

Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Boomplay ilitangulia, tena ikiwa imeshawekwa ndani ya simu za Tecno kabla hujazitoa boksini. Kwa msanii wa Lamu majukwaa haya ni mazuri kwa kitu kimoja: kuonekana na walio mbali. Mwana wa Lamu aliyeko Muscat, Dubai au Jeddah ana intaneti ya kutosha na hamu ya nyumbani. Atakutafuta na atakupata. Pesa ni jambo jingine. Tangu 2024 Spotify hailipi chochote kwa wimbo usiofikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. YouTube inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka kabla haijakugawia mapato ya matangazo ya video za kawaida. Mwimbaji wa taarabu wa mji huu anaweza kufika, lakini asiiandike kwenye bajeti ya kodi ya nyumba.

Ila YouTube ina faida moja niipendayo. Tangu 2007 wana mfumo wa Content ID: mtu akipandisha kazi yako, mwenye haki anaweza kuizuia, au kuiacha na kuchukua yeye mapato ya tangazo. Msanii mdogo haupati moja kwa moja, lakini kampuni nyingi zinazosambaza muziki kwenye majukwaa hukuingizia kwa niaba yako. Ukichagua msambazaji, muulize hilo kabla ya kuuliza bei.

Na mtu wa Pate au Siyu? Huyo hakusikilizi kwenye jukwaa. Bando lake ni la ujumbe na la simu za nyumbani. Anangoja kurushiwa.

Faili linalobeba mlipaji wake

Hapa ndipo penye chakula, na ndiyo maana nitakaa kidogo.

Mdundo, kampuni iliyoanzia Nairobi, ililiona soko kama lilivyo: watu wanataka MP3 wamiliki, hawataki kusikiliza huku bando likiyeyuka. Wakawaachia wapakue bure na kihalali, na tangazo la sauti likawekwa ndani ya faili lenyewe. Mwaka 2020 hisa zao ziliorodheshwa kwenye soko la Copenhagen. Ukilirusha faili hilo, tangazo linakwenda nalo. Kila anayegawa anakuwa msambazaji wa mwenye tangazo bila kulipwa.

Huhitaji kampuni kulifanya hilo. Mwenye duka la vitambaa, mwenye boti za abiria, fundi wa hina, mpishi wa biriani za karamu, wote wanataka kutajwa mahali ambapo watu wa arusi wanasikiliza. Ulinganishe na jukwaa: jukwaa linakulipa kwa kuhesabu masikilizo, na masikilizo ya kwenye boti hayahesabiki. Kwa hiyo usimuuzie mdhamini hesabu. Kubalianeni bei moja ya kutajwa, na umpe neno la kupimia: mteja akifika dukani akitaja wimbo fulani apunguziwe kidogo. Baada ya miezi michache mwenye duka atajua mwenyewe kama alipe tena, nawe utakuwa na cha kumwonyesha mdhamini wa pili.

Mahali pa kuweka tangazo pana siasa yake. Mwanzoni kabisa ni rahisi kukatwa; kijana mwenye programu ya kukatia sauti analifuta kwa dakika moja. Katikati, juu ya kipande cha ala kabla sauti haijarudi, halikatiki bila kuuharibu wimbo. Kwa taarabu nasema liweke hapo, fupi, kwa sauti ya mtu anayejulikana. Kwa kasida sikubali hata kidogo. Mtu anamsifu Mtume halafu katikati unasikia bei ya mabati? Kwa kasida jina la mdhamini likae mwisho kama shukrani, na hata akikatwa, si kitu.

Lakini kabla ya mdhamini, litangulie jina lako. Washairi wa tenzi wa pwani hii kazi zao zilienea kwa kunakiliwa kwa mkono na kwa kukaririwa, na wengi walitaja jina lao na mwaka ndani ya beti za mwisho. Aliyenakili utenzi alinakili na mwenyewe. Fanya hivyo hivyo: sema jina lako, mji, na namba ya Till (ya kulipiwa kwa M-Pesa) au ya simu ndani ya sauti, tena isemwe kwa kuimbwa ikiwezekana. AUD na WA zikishafuta jina la faili, sauti yako bado inalitaja. Kwenye video iandike namba pembeni, pale ambapo akipunguza picha ataikata na kichwa cha bibi arusi.

Kuuza moja kwa moja

Hii ina sura mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kwa walio nje. Bandcamp inakuruhusu kuweka nyimbo zisikilizwe bure na kuuza faili lisilo na kufuli. Unaweka bei ya chini na mnunuzi anaweza kuzidisha. Wanachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali, na asilimia 10 mauzo yako yakishafika dola 5,000. Malipo yanaingia PayPal, na Kenya PayPal inaunganishwa na M-Pesa. Mteja wa Ghuba au Ulaya anayezidisha bei analipia nyumbani kwao. Mnunuzi mmoja wa namna hiyo anaweza kuzidi mwezi mzima wa masikilizo.

Ya pili ni ya hapa: mteja analipa kwa Till au Pochi la Biashara, unamtumia faili WhatsApp. Ni rahisi na haina makato ya jukwaa. Udhaifu wake ni kwamba saa moja baadaye lipo kwenye makundi yote. Kwa hiyo unachouza hapa ni kutangulia na ubora. WhatsApp hubana video ikitumwa kama video. Ukiituma kama hati inakwenda ilivyo, na tangu 2022 hati ya hadi GB 2 inapita. Atakayeirusha tena kama video atarusha iliyobanwa, yenye nyuso za ukungu. Mwenye kutaka safi anarudi kwako. Uza pia wakati wenyewe watu wanataka: rekodi za Maulidi ziwe tayari kabla wageni wa Mfungo Sita hawajaondoka kurudi kwao, kwenye flashi yenye karatasi ya maneno ya kasida ndani. Karatasi hairushwi kwa Xender. (Itapigwa picha, najua. Lakini mzee anayetaka kusomea msikitini hataki kusomea kwenye simu iliyopasuka kioo.)

Kutuzwa, na kulipwa kabla

Oktoba 2007 Radiohead, bendi ya Uingereza, waliweka albamu yao mpya kwenye tovuti yao na kumwachia msikilizaji apange bei, hata sifuri. Dunia ilishangaa. Pwani hatukuwa na la kushangaa, maana kwenye taarabu msikilizaji huinuka, akaenda mbele na noti, akamtuza mwimbaji kwa ubeti uliomgusa au uliomgusa jirani yake. Analipa hadharani, naye anaonekana.

Mtandaoni watu wengi huweka namba ya "kuchangia" chini ya video na kulalamika kwamba hakuna anayetoa. Wamechukua pesa wakaacha uhadhara. M-Pesa inapoingia unaona jina la mtumaji. Omba ruhusa yake, na litaje kwenye rekodi inayofuata, au msomee ubeti. Hapo tuzo imekuwa tuzo, na rekodi yenye jina lake ataisambaza mwenyewe kwa watu wake wote. Sijui njia nyingine ambayo kurushiana kunamfurahisha kila mtu.

Ndugu yake ni kulipwa kabla. Mwaka 1999 wataalamu wawili wa usalama wa kompyuta, John Kelsey na Bruce Schneier, walieleza mpango wa namna hii: msanii ataje kiasi anachotaka, pesa zikishakusanyika anaiachia kazi kwa wote bure. Kwa filamu fupi au rekodi kubwa ya kwaya ya kasida hii inashinda zote, kwa kuwa gharama inatangulia na nakala zikishatoka hazizuiliki. Michango ya kulipia arusi na hospitali tunaijua; M-Changa inafanya kazi hiyo hiyo kwa simu. Tatizo lake ni jina. Asiyejulikana hachangiwi. Rekodi mbili tatu za bure zitangulie kwanza.

Sasa nani achukue ipi

Mwimbaji wa taarabu au kikundi cha kasida: acha wazi, jina ndani ya sauti, mdhamini mmoja au wawili, jukwaani kwa ajili ya walio nje, na mapato hasa yatoke kwenye mialiko. Faili ndilo linalokupigia debe.

Mwalimu, awe wa Kiswahili kwa wageni au wa tajwidi (usomaji sahihi wa Qur'ani) kwa watoto wa walioko nje: masomo yaliyorekodiwa yatoe bure, yaende yatakakokwenda. Uza masikio yako. Mwanafunzi anakutumia sauti yake, unamsahihisha, analipa kwa mwezi. Kusahihishwa kwake hakumfai jirani.

Mwenye filamu: michango kabla, halafu maonyesho ya kiingilio Lamu, Malindi na Mombasa, halafu mtandaoni. Usianze na mtandao ukatumaini kurudi kwenye kiingilio.

Mpiga video wa harusi ndiye niliyemwacha makusudi. Kwake yote niliyosema yanageuka. Shughuli za upande wa wanawake si za kuzunguka kabisa, na hasara ya faili kuvuja si ya shilingi, ni ya heshima ya watu wasiovaa buibui mbele ya kamera kwa sababu walikuwa wenyewe kwa wenyewe. Hapa mlango ufungwe. Mpiga picha awe mwanamke, kuhariri kufanyike kwenye kompyuta isiyounganishwa na intaneti, kazi itolewe kwenye flashi moja yenye neno la siri mikononi mwa mama wa bibi arusi, na asili zifutwe mbele yake baada ya kuridhika. Usiweke hata dakika moja ya tangazo la kazi yako Instagram bila idhini ya maandishi. Na bei yako iwe juu kuliko ya mwenye drone anayezunguka na kila mtu, kwa sababu huyu mama anakulipa pia kwa video ambayo hakuna mwingine atakayeiona. Yaandikeni hayo kwenye karatasi ya makubaliano, pamoja na siku ya kufuta.